Kusakinisha Debian kwenye meinifremu ya IBM: mahali panapokwamisha na namna ya kupavuka

Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, inafanya kazi kwenye meinifremu za IBM (kompyuta kubwa za mashirika) tangu Desemba 1999, pale wahandisi wa kampuni hiyo walioko Böblingen, Ujerumani, walipotoa hadharani viraka vya toleo la 2.2.13. Debian, mmojawapo wa usambazaji wa Linux, ilifuata mwaka 2002 kwa toleo lake la 3.0, na tangu toleo la 7 la mwaka 2013 inatolewa kwa usanifu wa biti 64 uitwao s390x. Kwa hiyo anayeshindwa kuisakinisha leo hashindwi kwa sababu programu ni changa. Anashindwa kwa sababu amezoea kompyuta ya mezani yenye skrini yake, kibodi yake, tundu la USB na diski inayojitambulisha yenyewe, na sasa amekabidhiwa mashine ambayo kila kifaa chake ni namba, mfumo wake huwashwa kutoka kwenye kisoma kadi ambacho hakishikiki kwa mkono, na kisakinishi chenyewe hakionekani mpaka mtandao uwe umeshakubali.

Maelekezo haya yanamlenga mtu aliyepewa akaunti ya mashine pepe ndani ya z/VM, mfumo wa IBM unaoendesha mashine pepe nyingi ndani ya meinifremu moja, kwa kuwa huko ndiko wengi wanakoanzia. Anayesakinisha moja kwa moja kwenye LPAR, yaani kipande cha mashine halisi kilichotengwa bila z/VM, atakuta tofauti mwanzoni tu: yeye huwasha kutoka kwenye HMC, kompyuta ya kusimamia meinifremu, kwa kutumia faili yenye mwisho wa `.ins`, ambayo huorodhesha keneli na initrd (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye kumbukumbu wakati wa kuwasha) pamoja na anwani za kumbukumbu zinakopakiwa. Baada ya hapo habari ya mtandao na diski ni ileile.

Jambo moja ninalolisisitiza kuliko yote ni kutovuka hatua kabla ya kuthibitisha iliyotangulia. Kwenye meinifremu kosa la hatua ya pili mara nyingi hujitokeza katika hatua ya tano likiwa limevaa sura nyingine kabisa, na mtu anaweza kupoteza siku nzima akichunguza mtandao kumbe faili ya initrd ilikatika wakati wa kupakiwa.

Ulizia kizazi cha mashine na uandike namba zako

Kabla ya kupakua chochote, fahamu mashine ni ya kizazi gani, kwa sababu kila usambazaji wa Linux hukusanywa kwa kiwango fulani cha chini cha prosesa. Red Hat Enterprise Linux 8 inataka z13 au mpya zaidi, toleo la 9 linataka z14, na Ubuntu 20.04 inataka z13. Kwa Debian, soma mwongozo wa usakinishaji wa toleo lile lile unalotaka kuliweka. Ukiwa ndani ya z/VM, amri `q cpuid` hurudisha tarakimu 16, na zile nne zinazotangulia `8000` ya mwisho ndizo aina ya mashine: 2097 ni z10, 2817 ni z196, 2827 ni zEC12, 2964 ni z13, na 3906 ni z14. Keneli iliyokusanywa kwa prosesa mpya kuliko uliyonayo husimama mara moja na kuandika `The Linux kernel requires more recent processor hardware`, ikifuatiwa na orodha ya uwezo unaokosekana. Ujumbe huo ukiuona, usihangaike na vigezo vya kuwashia. Tafuta toleo la zamani zaidi.

Kisha keti na msimamizi wa z/VM uandike kwenye karatasi moja: jina la mashine pepe yako, namba za diski zako, namba tatu za kadi ya mtandao, jina la swichi pepe na aina yake, anwani ya IP, kinyago cha mtandao, lango la kutokea na seva ya majina. Usikubali jibu la "utaona ukishaingia". Baadhi ya vitu hivi hutaviona kabisa ukiwa ndani, na kimoja tu kikikosewa kisakinishi hakitafikika.

Thibitisha diski kwa `q v dasd`. Kila mstari unaonyesha namba ya diski, aina, jina la volumu, ruhusa na ukubwa kwa silinda, kipimo cha diski za meinifremu. Hapa kuna mtego wa hatari. Diski 190, 19D na 19E ni za CMS, mfumo mdogo wa amri unaokupokea ukiingia z/VM, na huwa `R/O`. Diski 191 ni yako, lakini ndiyo utakayohifadhia faili za kisakinishi, wala si ya kufomati. Diski ya Linux ni ile kubwa uliyopewa, tuseme 0120, na lazima isomeke `R/W`. Ikisomeka `R/O`, rudi kwa msimamizi kabla ya kuendelea, kwa sababu kisakinishi kitaiona diski hiyo bila shida na kitakataa kuiandikia baadaye sana.

Angalia pia kumbukumbu kwa `q v stor`. Mashine pepe nyingi hutolewa zikiwa na megabaiti chache zinazoitosha CMS, na initrd haitapata mahali pa kukaa. Amri `def stor 2g` huongeza, mradi kikomo alichokuwekea msimamizi kinaruhusu, lakini kumbuka kwamba amri hiyo huifuta kumbukumbu yote na kuiangusha CMS, hivyo utalazimika kuiwasha upya kwa `ipl cms`.

Skrini ya 3270 na herufi zinazotoweka

Programu ya x3270, inayoigiza skrini ya meinifremu iitwayo 3270, ndiyo dirisha lako la kwanza. Kona ya chini kulia kuna neno linaloeleza hali, na neno hilo ni muhimu kuliko maandishi yote yaliyo juu yake. Likiwa `MORE...`, skrini imejaa na inasubiri. Likiwa `HOLDING`, inasubiri bila kikomo mpaka ubonyeze kitufe cha Clear. Wakati huo Linux iliyo nyuma yake inaweza kusimama kabisa kwa kukosa pa kuandika, na mtu akadhani imekufa. Andika `term more 0 0` kabla ya kuanza, na maandishi yatapita bila kusubiri.

Tatizo la pili limewachosha wengi kwa sababu halitoi ujumbe wowote wa kosa. Kwa kawaida z/VM huchukua herufi kadhaa kuwa amri za kuhariri mstari: `@` hufuta herufi iliyotangulia, `#` humaliza mstari, na alama ya kunukuu maradufu hubadilisha maana ya herufi inayofuata. Ukiandika nywila `Pwani@Kuu`, Linux inapokea `PwanKuu`. Baadaye unapojaribu kuingia kwa SSH, nywila unayoijua kwa hakika inakataliwa, nawe unaanza kuilaumu seva. Zima tabia hiyo mapema:

```
term chardel off
term linedel off
term escape off
```

Alama ya `#` iache ilivyo, kwa kuwa utaihitaji kuandika amri za z/VM ukiwa ndani ya Linux, kama `#cp q v nic`. Epuka tu kuitumia kwenye nywila ya muda. Pia fahamu kwamba skrini hii haina Ctrl-C. Unaandika `^c` kama herufi mbili za kawaida kisha Enter, na dereva wa konsoli huzigeuza. Nywila nayo huonekana wazi unapoiandika, basi angalia nani amesimama nyuma yako.

Kupeleka faili na kuwasha kutoka kwenye kisoma kadi

Faili unazohitaji ziko kwenye kioo chochote cha Debian (seva yenye nakala ya faili zake), katika saraka ya `installer-s390x`, chini ya `images/generic`: `kernel.debian`, `initrd.debian`, `parmfile.debian` na `debian.exec`. Mradi wa Debian ulifunga huduma zake za FTP kwa umma tarehe 1 Novemba 2017, ilhali CMS inategemea FTP kuleta faili. Kwa hiyo zipakue kwanza kwenye kompyuta iliyo ndani ya mtandao wenu, uweke seva ndogo ya FTP hapo, kisha uzivute ukiwa CMS. Kama amri ya `ftp` haitambuliki, unganisha diski ya programu za mtandao kwa `vmlink tcpmaint 592`.

Hapa ndipo tofauti kati ya EBCDIC na ASCII, yaani namna meinifremu na kompyuta za kawaida zinavyoandika herufi, inapoleta madhara. Keneli na initrd lazima ziende kama faili za baiti tupu zenye rekodi za urefu wa 80 kamili, kwa maana zitasomwa kama kadi zilizotobolewa. Lakini faili ya vigezo na ile ya exec ni maandishi, na lazima zigeuzwe kuwa EBCDIC njiani. Mpangilio ni huu:

```
bin
locsite fix 80
get kernel.debian
get initrd.debian
ascii
get parmfile.debian
get debian.exec
```

Ukimaliza, fungua `filelist` utazame. Keneli na initrd zinapaswa kuonyesha umbo `F` na urefu 80. Zidisha idadi ya rekodi kwa 80, ulinganishe na ukubwa wa faili ya asili: faili ya baiti 24,000,000 lazima iwe na rekodi 300,000, wala pungufu haikubaliki. Diski 191 ikijaa katikati ya upakuaji, initrd hukatika. Keneli itawaka vizuri kabisa, kisha itasimama ikidai haiwezi kupachika mfumo wa faili wa mzizi. Kama nafasi haitoshi, omba diski ya muda kwa `def t3390 399 cyl 100`, ifomati kwa `format 399 t`, kisha uhifadhi faili huko. Silinda 100 za 3390, aina ya diski ya IBM, zinakupa takriban megabaiti 70, lakini diski hiyo hutoweka ukitoka kwenye akaunti.

Faili ya exec hufanya kazi ndogo ya kusafisha kisoma kadi, kutoboa faili tatu kwa mfuatano na kuwasha. Ukiandika yako mwenyewe, anza kwa mstari wa maoni ya REXX, lugha inayoandikiwa faili hizi, la sivyo CMS haitaitambua kuwa ni REXX:

```
/* Washa Debian */
'CLOSE RDR'
'PURGE RDR ALL'
'SPOOL PUNCH * RDR'
'PUNCH KERNEL DEBIAN * (NOH'
'PUNCH PARMFILE DEBIAN * (NOH'
'PUNCH INITRD DEBIAN * (NOH'
'CHANGE RDR ALL KEEP NOHOLD'
'IPL 00C CLEAR'
```

Mfuatano wa keneli, vigezo, initrd haubadilishwi. `NOH` nayo si pambo: bila hiyo, kila faili hutanguliwa na kadi ya kichwa, mashine ikasoma kadi hiyo kana kwamba ni keneli, na kinachofuata ni ujumbe wa `disabled wait PSW`, yaani mashine imesimama kabisa. Ujumbe huo ukitokea sekunde ile ile ya kuwasha, chanzo karibu kila mara ni kimojawapo kati ya viwili: kadi ya kichwa au urefu wa rekodi usio 80.

Mtandao ndio mlango pekee

Konsoli ya mistari haiwezi kuchora menyu za kisakinishi. Kwa hiyo Debian huuliza maswali machache kwa maandishi, huamsha mtandao, huomba nywila ya muda, kisha hukuambia uingie kwa SSH kama mtumiaji `installer`. Mtandao usipokubali, usakinishaji umeishia hapo.

Kadi ya mtandao ya aina ya OSA, ya kweli au ya kuigizwa na z/VM, hutumia namba tatu zinazofuatana: moja ya kusoma, moja ya kuandika na moja ya data. Ukiambiwa "kadi yako ni 0600", maana yake ni 0600, 0601 na 0602. Tazama kwa `q nic details` kama kadi imeunganishwa kweli na swichi pepe. Ikiwa haijaunganishwa, msimamizi huenda aliumba kadi akasahau kuipa mashine yako idhini ya kuingia kwenye swichi, jambo ambalo wewe huwezi kulirekebisha ukiwa upande wa Linux.

Swali la pili ni tabaka. Swichi iliyoundwa kama ETHERNET hufanya kazi katika tabaka la 2, na iliyoundwa kama IP hufanya kazi katika tabaka la 3, ambako kadi yenyewe hushughulikia ARP (kutafuta kadi yenye anwani fulani ya IP) na Linux haioni vichwa vya Ethernet. Kisakinishi hukuuliza uchague, na jibu lazima lilingane na swichi. Ukikosea, kadi haitawaka, au itawaka bila pakiti hata moja kupita, huku anwani yako ya IP ikionekana sahihi kabisa. Katika tabaka la 3 usitegemee DHCP. Weka anwani kwa mkono.

Kuna hali ya tatu inayopotosha zaidi: `ping` inajibu, lakini SSH inaganda mwanzoni wakati wa kubadilishana funguo. Hiyo ni dalili ya MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, iliyo kubwa kuliko inavyoruhusiwa mahali fulani njiani. Pakiti ndogo za ping hupita, zile kubwa za funguo hupotea kimya. Ishushe hadi 1500 pande zote mbili ujaribu tena.

Kwa kuwa kuandika haya yote kwenye konsoli kunachosha na kunakaribisha makosa, yaweke katika faili ya vigezo mapema:

```
s390-netdevice/choose_networktype=qeth
s390-netdevice/qeth/choose=0.0.0600-0.0.0601-0.0.0602
s390-netdevice/qeth/layer2=true
netcfg/get_ipaddress=10.20.4.31
netcfg/get_netmask=255.255.255.0
netcfg/get_gateway=10.20.4.1
netcfg/get_nameservers=10.20.4.5
netcfg/confirm_static=true
```

Mstari usizidi herufi 80, na kigezo kimoja kisikatwe kikagawanywa katika mistari miwili. Keneli za zamani hupokea jumla ya herufi 896 tu, zikiwemo nafasi tupu, kinachozidi hukatwa.

Ukishafika kwenye SSH, fanya jambo moja la busara: usiunganishe kutoka kwenye kompyuta yako ya mkononi moja kwa moja. Ingia kwanza kwenye seva iliyo karibu na meinifremu, fungua `tmux` (programu inayokitunza kikao hata ukikatika) hapo, ndipo uite kisakinishi. Muunganisho ukikatika katikati ya kugawa diski, kikao cha kisakinishi hakirudi kilipoishia, na sote tunajua umeme na intaneti zetu zilivyo.

Diski ya 3390 na ukubwa wake wa kweli

Diski za ECKD, kundi ambamo 3390 imo, hazifanani na diski ulizozizoea. Ukubwa wake huhesabiwa kwa silinda, kila silinda ya 3390 ina treki 15, na kila treki hubeba bloku 12 za baiti 4096. Diski ya aina ya 3390-9 yenye silinda 10,017 kwa kawaida hukabidhiwa ikiwa na silinda 10,016, kwa kuwa silinda ya kwanza huachwa kwa ajili ya lebo ya volumu. Piga hesabu: bloku 1,802,880, yaani kama megabaiti 7,042. Ile 3390-3 yenye silinda 3,339 hubakiza takriban gigabaiti 2.3. Mtu aliyeahidiwa "diski tatu" bila kuulizia aina yake anaweza kujikuta hana nafasi hata kabla ya kuweka hifadhidata.

Kisakinishi kitakuuliza ni diski zipi uziamshe. Amsha zile tu ulizoandika kwenye karatasi yako. Kisha kitauliza kama diski ifomatiwe. Kama haijawahi kutumiwa na Linux, jibu ndiyo, hata kama msimamizi alishaiandaa kwa ajili ya z/VM, kwani maandalizi yale si yale yale. Ukifungua ganda la amri, `lsdasd` huonyesha `n/f` kwa diski isiyofomatiwa, na `active` pamoja na idadi ya bloku kwa iliyo tayari. Kwa mkono kazi hiyo hufanywa hivi:

```
dasdfmt -b 4096 -d cdl -p /dev/dasda
fdasd /dev/dasda
```

Hakikisha kwa `lsdasd` kwamba `dasda` kweli ni 0.0.0120 na si diski ya faili zako za CMS. Majina hayo hutolewa kwa mfuatano wa kuamshwa, kwa hiyo jina la leo si ahadi ya kesho. Namba ya kifaa ndiyo ya kuaminiwa. Mpangilio wa CDL, ule uliochaguliwa kwa `-d cdl`, huruhusu sehemu tatu tu katika diski moja. Anayetaka zaidi atumie LVM, inayounganisha diski kadhaa kuwa kundi moja, lakini aiweke `/boot` katika sehemu ya kawaida kwenye diski moja, nje ya LVM.

zipl, na diski ya pili inayosahaulika

Hapa hakuna GRUB, programu ya kuwashia Linux, kama unayoijua kwenye PC. Programu ya `zipl` huandika mwanzoni mwa diski orodha ya bloku ambamo keneli na initrd zimekaa, na mashine huzifuata bloku hizo bila kuelewa mfumo wa faili wowote. Ndiyo maana kila keneli au initrd inapobadilika, `zipl` lazima iendeshwe upya. Debian hufanya hivyo yenyewe inaposasisha keneli, ila ukibadilisha kitu kwa mkono, kazi hiyo ni yako. Usakinishaji ukiisha, rudi kwenye 3270 uandike `#cp ipl 120 clear`. Ukitaka kuiona menyu ya `zipl`, ongeza `loadparm prompt`. Kama konsoli inabaki tupu huku SSH inakubali, ongeza `conmode=3215` kwenye vigezo vya keneli, kisha endesha `zipl` tena.

Kosa ninalotaka ulikwepe kuliko mengine yote baada ya usakinishaji ni hili: mtu anaongeza diski 0121, anaiamsha, anaiunganisha kwenye kundi la LVM lenye mzizi, kila kitu kinafanya kazi kwa wiki kadhaa, kisha mashine inazimwa na haiwaki tena. Diski iliamshwa kwa muda tu, na initrd haikujua kwamba ipo. Kila diski mpya inayobeba sehemu ya mzizi ipitie amri hizi tatu kabla ya kuguswa na LVM:

```
chzdev -e dasd 0.0.0121
update-initramfs -u
zipl
```

Kwenye Red Hat na SUSE kuna jambo la ziada: kigezo cha `cio_ignore` huvificha vifaa vyote isipokuwa vilivyotajwa, kwa hiyo diski mpya haitaonekana kabisa mpaka uiondoe kwenye orodha ya vinavyofichwa kwa `cio_ignore -r 0.0.0121`.

Asiye na meinifremu bado anaweza kuyazoea haya yote. QEMU, programu ya kuigiza mashine, huendesha s390x vizuri na kwa usanidi mdogo, lakini diski zake ni za virtio, aina ya kuigizwa isiyo na silinda, hivyo hutajifunza lolote kuhusu 3390. Kwa anayejiandaa kwa kazi ya kweli napendekeza Hercules, mwigo wa meinifremu ulioanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999: ni ya polepole na haifikii kiwango cha prosesa kinachotakiwa na matoleo mapya zaidi, ila ina diski za silinda, konsoli ya mistari na kisoma kadi, vitu vile vile vitakavyokusumbua siku ya kazi.

Na kama mashine iliyoko kazini imeshakataa kuwaka kwa sababu ya diski ya pili, usisakinishe upya. Ongeza `rescue/enable=true` kwenye faili ya vigezo, itoboe tena pamoja na keneli na initrd kwa exec ile ile, ingia kwa SSH, amsha diski zote mbili, ingia kwenye mfumo wako kupitia menyu ya uokoaji, kisha endesha zile amri tatu za hapo juu kabla ya kuwasha tena kutoka 120.